Kununua treni ya kwanza ya reli nyembamba: vipimo saba kwa mpangilio

Anayenunua modeli ya kwanza ya garimoshi la mvuke la reli nyembamba (njia ambayo reli zake mbili zimekaribiana kuliko za kawaida) huvutwa na sura: boila fupi, bomba refu la moshi, fimbo za magurudumu zinazozunguka nje. Sura isitangulie. Treni halisi za mizigo za reli hizi hazikuwa za mbio. Zilitambaa, zikaingia kando ya ghala, zikaacha behewa moja, zikachukua mawili. Modeli isiyoweza kutambaa hivyo bila kukwama itaishia kabatini hata iwe na urembo gani.

Kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa maswali manne, na la kwanza lina uzito kuliko mengine yote. Injini inatambaa vizuri kiasi gani juu ya pointi, yaani pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili? Mabehewa ya mizigo yaliyo tayari yanapatikana? Kona zake zinadai nafasi kiasi gani? Na ikiharibika, utaweza kuifungua mwenyewe?

Kabla ya orodha, jifunze kusoma majina, kwa sababu wengi hununua vitu visivyolingana kwa kutoyaelewa. Herufi za mwanzo hutaja uwiano: OO ni 1:76, HO ni 1:87, N ni 1:160, na O ni 1:48 kwa Wamarekani. Kinachofuata hutaja upana wa reli, yaani geji (nafasi kati ya reli mbili), ila kila nchi ina desturi yake. Wamarekani huandika upana wa reli halisi, hivyo On30 ni reli ya inchi 30, yaani mm 762. Waingereza huandika upana wa reli ya modeli, hivyo OO9 ni reli ya mm 9. Ulaya bara hutumia herufi: m kwa reli ya mita moja, e kwa ile ya mm 750 au 760. Ndiyo maana OO9, HOe na HOn30 hutembea juu ya reli ileile ya mm 9 lakini hazichanganyiki vizuri: mtu wa mita 1.75 ni mm 23 katika OO9 na mm 20 katika HOe. Ukiwasimamisha kwenye jukwaa moja, mmoja ataonekana mtoto.

1. On30

Hiki ndicho kipimo cha kuanza nacho kwa mtu mwenye meza ya ukubwa wa kawaida. Uwiano ni 1:48 na reli ni ya mm 16.5, ileile ya HO. Kwa hesabu kamili, mm 16.5 mara 48 ni mm 792 badala ya 762, na tofauti hiyo ya mm 30 jicho haliioni. Faida yake ni kubwa: mota, magurudumu, viungio vya mabehewa na vidhibiti umeme vya HO vinafaa moja kwa moja, huku mwili wa injini ukiwa mkubwa wa kutosha kubeba uzito, dikoda ya DCC (kifaa kidogo kinachopokea amri za kidijitali kupitia relini), spika na kapasita ya kuhifadhi umeme.

Kampuni ya Bachmann ilianza kuuza On30 mwaka 1998, na ndiyo iliyokifanya kipimo hiki kienee. Katika injini zake, ya kwanza kuifikiria ni ya 2-6-0 (magurudumu mawili ya mbele, sita ya kuendeshea, na hakuna ya nyuma), au 2-8-0 ikiwa kona zako ni pana. Porter ndogo yenye magurudumu manne ya kuendeshea inapendeza mno, lakini ni fupi na nyepesi, kwa hiyo inapokea umeme kwa shida zaidi kwenye pointi na haivuti mabehewa mengi. Inafaa kuwa ya pili.

Kwa msitu na mlima, injini ya aina ya Shay haina mpinzani. Magurudumu yake yote yanaendeshwa kwa gia kupitia shafti iliyo ubavuni, kwa hiyo hupanda miinuko, hupinda kona kali, na mwendo wake wa asili ni wa konokono. Kasoro inayojulikana ni gia za plastiki za Shay za miaka ya mwanzo: hupasuka pale zinapoingia kwenye ekseli. Kabla ya kununua iliyotumika, geuza injini, washa umeme kidogo na tazama kila ekseli. Gurudumu linalosita mara moja kwa kila mzunguko, au mlio wa tik-tik, ni gia iliyopasuka. Usiifunge kwa gundi, maana mpasuko humaanisha kuwa ekseli imeshatanua gia, na gundi haiirudishi. Dawa ni seti mpya ya gia.

Kona: injini ndogo hupita nusukipenyo cha mm 381, ila jenga kwa mm 457 na utalala usingizi. Mabehewa ya mizigo yapo ya kila namna: ya wazi, ya bapa, ya kufunikwa, ya tangi. Anza na sita na behewa la breki, na uyanunue ya familia moja ya viungio. Vingi hapa ni vya ukubwa wa HO, na kiungio cha Kadee Na. 5 hutoshea mara nyingi. Pima urefu wa kila kiungio kutoka kwenye reli kwa kipimo chake maalumu, kwa sababu kinachoning'inia nusu milimita tu ndicho kinachoachia treni katikati ya mlima.

2. OO9, pamoja na HOe

Penye nafasi ndogo, hiki kinapanda kuwa cha kwanza. Kona ya kawaida ya reli za OO9 zilizokatwa tayari ni ya nusukipenyo cha mm 228, kwa hiyo duara zima linaenea kwenye ubao wa upana wa mm 600. Reli ya mm 9 katika 1:76 inakuwa mm 684, karibu sawa na geji ya mm 686 ya reli za Talyllyn na Corris za Wales. Kwa desturi hutumika pia kwa reli za mm 600 hadi 762.

Kwa treni za mizigo, injini ya kutafuta ni Baldwin 10-12-D ya Bachmann. Ile halisi ilitengenezwa Marekani mwaka 1916 na 1917, jumla ya injini 495, kwa ajili ya reli za jeshi la Uingereza nyuma ya mstari wa mbele wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na baada ya vita nyingi zikaenda mashambani na machimboni. Kwa hiyo inaweza kuvuta risasi za mizinga, miwa au mawe, na kote huko ikawa mahali pake. Yapo pia mabehewa ya bogi (yanayobebwa na vigari vidogo vya magurudumu vinavyopinda kila mwisho) ya jeshi hilohilo ya kuifuata. Wanaopendelea Austria au Saxony watachukua HOe, ambayo ina chaguo pana la Liliput na Roco.

Tatizo la kipimo hiki ni uzito na umeme. Injini ya magurudumu manne ina sehemu mbili tu za kugusa kila reli. Chembe moja ya vumbi chini ya gurudumu moja, na lingine limesimama juu ya kipande kisicho na umeme katikati ya pointi, injini inazimika hapohapo. Watu wengi huilaumu mota. Kosa liko kwenye pointi. Nunua pointi ambazo sehemu ile ya katikati, reli zinapokatana, ni ya chuma na inaweza kupewa umeme. Iunganishe kwa waya kwenye swichi inayobadilika pamoja na pointi, na nusu ya matatizo yako imekwisha kabla hujaweka injini relini.

Nusu nyingine iko kwenye magurudumu. Umbali wa ndani kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja uwe karibu mm 7.4. Yakisogeleana, hubana kwenye reli ya ulinzi, ile fupi iliyo ndani ya pointi, na behewa hupanda juu. Yakitanuka, gurudumu hugonga ncha ya katikati ya pointi na behewa huanguka. Plastiki za bei nafuu badilisha kwa za chuma, na ongeza gramu chache za risasi chini ya sakafu ya behewa, karibu na ekseli, si juu. Yote yawe na uzito unaokaribiana. Behewa jepesi kati ya mazito mawili ndilo linalovutwa nje ya kona, hasa treni inaporudi nyuma.

Vifuniko vya injini vilivyochapishwa kwa printa ya 3D, vinavyokaa juu ya chasi za Kato za N, ni njia nzuri ya kupata injini ambazo viwanda havitengenezi. Hakikisha kabla ya kulipa kwamba chasi iliyotajwa bado inapatikana, kwa namba yake kamili, maana kifuniko bila chasi yake ni pambo.

3. G ya mm 45

LGB ilianza mwaka 1968, kwa uwiano wa 1:22.5 na reli ya mm 45, ambayo ni mm 1,012.5, karibu sawa na reli ya mita moja. Stainz yake ndogo ya magurudumu manne ni imara kuliko injini nyingi za orodha hii: mbali na magurudumu, hupokea umeme kwa viatu vinavyoteleza juu ya reli, kwa hiyo haisiti ovyo. Viatu hivyo huliwa; vikague kwanza kwenye iliyotumika, pamoja na mpira wa gurudumu. Kona ndogo kabisa ni mm 600, hivyo duara linachukua mita 1.3. Ndani ya nyumba ni kubwa, nje ni furaha tupu.

Kidhibiti cha volti 12 kitaiendesha kwa unyonge. Reli hizi hupewa volti 18 hadi 24 na ampea kadhaa. Reli za shaba zikikaa nje hufanya ukungu wa kahawia unaozuia umeme. Badala ya kuzisugua kila siku, wengi huweka betri na redio ndani ya behewa la kwanza, na hapo usafi wa reli haukuhusu tena. Ukitaka njia hiyo, amua kabla hujanunua transfoma.

4. HOm

Reli ya mm 12, uwiano 1:87, kwa reli ya mita moja. Bemo imejenga jina lake hapa, hasa kwa reli za Uswisi, na ubora wake wa kutambaa ni wa juu sana. Kinachokishusha ni kwamba Uswisi hiyo ni ya umeme zaidi kuliko mvuke. Mpenzi wa Garratt (injini ndefu zenye boila katikati ya seti mbili za magurudumu) za Afrika Mashariki, za reli ya mita moja, atapata hapa geji sahihi lakini itambidi ajenge sehemu kubwa mwenyewe.

5. SM32 ya mvuke wa kweli

Uwiano ni 1:19 na reli ya mm 32, inayotoa mm 608 kwa reli ya futi 2. Injini za Roundhouse na Accucraft huchemsha maji kwa gesi ya butani na kusukuma pistoni kwa mvuke halisi. Hakuna kitu katika burudani hii kinacholingana na sauti na harufu yake. Iko nafasi ya tano kwa sababu tu si ya mezani, na kona isiwe chini ya mm 762.

Nunua yenye vali ya usalama, kipima shinikizo la mvuke na redio. Bila redio injini hukimbia ikishuka na kusimama ikipanda. Utaratibu ni huu: mimina maji yaliyobaki na mafuta ya zamani kutoka kwenye kilainishi, jaza mafuta mazito ya mvuke, weka maji yaliyokenekwa kwenye boila, kisha gesi mwisho kabisa, mbali na mwali wowote. Mafuta ya kawaida ya mashine hayafai ndani ya silinda, kwa kuwa mvuke huyaosha na pistoni zikabaki kavu. Maji ya bomba huacha ukoko wa chokaa ndani ya boila na kuziba njia. Baridi ikiwa kali, shinikizo la butani hushuka na moto hufifia. Subiri jua, wala usipashe tangi kwa moto.

6. HOn3

Reli ya mm 10.5 katika 1:87 ni karibu mm 914, futi 3 za Colorado. Uzuri wake hauna shaka, lakini injini nyingi ni za shaba, za toleo dogo, na mara nyingi huhitaji kurekebishwa gia na waya ndipo zitambae. Ni ya mtu aliyekwisha kufungua injini kadhaa.

7. Nn3

Reli ya mm 6.5. Mandhari makubwa katika nafasi ndogo, ila injini ni nyepesi mno na vumbi ni adui wa kila dakika. Usianze nayo.

Kabla ya kulipa, kipimo chochote

Omba injini iendeshwe mbele na nyuma kwa umeme mdogo kabisa unaoweza kuitembeza, kwa dakika moja kila upande. Injini nzuri huanza bila kuruka. Ikichechemea kila mzunguko, fimbo au gia zina kasoro. Ikisita mahali tofautitofauti, ni uchafu tu. Futa magurudumu kwa alkoholi ya isopropili na pamba, ujaribu tena. Harufu ya kuungua ni mota iliyolemewa, iache.

Uliza idadi ya magurudumu yanayopokea umeme, yakiwemo ya tenda (behewa la makaa na maji nyuma ya injini), na kama kuna soketi ya dikoda. Next18 na ya pini 6 ndizo za kawaida kwenye injini ndogo. Bila soketi utalazimika kutenganisha mota na chasi na kuchomea waya kwa risasi.

Kama ina mota isiyo na kiini cha chuma, kama zilivyo nyingi za OO9 mpya, usiiendeshe kwa vidhibiti vya zamani vinavyotoa umeme wa mapigo ya polepole. Mota hizo hupata joto haraka na kuungua. Zinataka umeme wa moja kwa moja uliotulia, au dikoda yenye mapigo ya kasi kubwa.