OpenFOAM kwa jozi ya vorteksi: inaumudu myumbo wa Crow, inachoka kwenye mawimbi mafupi

Vorteksi (vimbunga vyembamba virefu vya hewa) mbili zinazoachwa nyuma ya mabawa ya ndege huzunguka kinyume na kushuka pamoja, kisha hupindapinda mpaka zikagusana na kukatika kuwa pete. Huo ndio myumbo wa Crow: mwaka 1970 mtafiti huyo alionyesha kwamba wimbi linalokua haraka zaidi lina urefu wa karibu mara 8.6 ya umbali b ulio kati ya vorteksi, kwenye bapa lililoinama takribani digrii 48. Jibu linajulikana, kwa hiyo huu ni mtihani mzuri wa programu yoyote ya mwendo wa maji na hewa. OpenFOAM inaufaulu, lakini si kwa mipangilio ya kunakili tu kutoka kwenye mifano yake.

Chukua b = 1 na kasi ya kushuka = 1; nguvu ya mzunguko Γ inakuwa 2π, na kipimo kimoja cha muda ni muda wa jozi kushuka b moja. Kwa kiini chenye nusu kipenyo a = 0.1, seli za upana wa 0.0125 zinatoa seli 8 ndani ya a, na chini ya hapo usishuke. Kasi ya juu kabisa kuzunguka kiini ni karibu 6.4, hivyo hatua ya muda ni kama 0.0008, ili mtiririko usivuke hata nusu seli kwa hatua moja. Kwenye mhimili mrefu, seli za 0.05 zinatosha hadi vorteksi zigusane. Ukitumia nusu tu ya kisanduku cha hesabu, yaani vorteksi moja, eneo la seli ndogo lina seli kama milioni 1.65. Ongeza kasi ya 1 inayoelekea juu kwenye uga wote ili jozi isishuke ikatoka nje ya eneo hilo.

Uga wa mwanzo huandikwa kwa setExprFields, iliyomo katika matoleo ya ESI (moja ya matawi mawili ya OpenFOAM; jingine ni la Foundation). Sogeza kitovu cha kila vorteksi kwa 0.01b kifuate kosini, moja kwa moja kwenye bapa la digrii 48. Ukisogeza kwa upande tu, sehemu ya msukumo inapotea bure. Hata kwenye nusu kisanduku, fomula lazima iwe na vorteksi zote mbili.

Panapoharibu kazi ni kwenye fvSchemes, faili la kuchagua mbinu za hesabu. Ukiweka upwind, mbinu ya daraja la kwanza, kwenye div(phi,U) ambayo ni sehemu ya kusafirisha kasi, kiini kinavimba, vorteksi zinafifia, na unabaki ukidhani nadharia ndiyo yenye kasoro. Tumia Gauss linear, na backward kwa muda. Kipimo cha kujikagua ni rahisi: a mraba huongezeka kwa 4νt, ν ikiwa mnato na t muda. Kwa namba ya Reynolds ya 10,000, kwa kipimo cha Γ/ν, kiini kitoke 0.10b kifike kama 0.15b baada ya vipimo 5 vya muda. Kikizidi hapo kabla vorteksi hazijapinda sana, huo ni mnato wa gridi, si wa maji. kEpsilon, modeli ya msukosuko, nayo usiiguse: inazalisha mnato mkubwa katikati ya kiini, mahali ambapo mzunguko hutuliza msukosuko. Weka laminar, yaani bila modeli ya msukosuko.

Mipango ikiwa sawa, logi ya kina cha wimbi inapanda kwa mteremko wa karibu 0.8, na mguso unakuja baada ya vipimo 5 hivi. Mipaka ya cyclic, inayounganisha ncha mbili za mhimili mrefu, haina usumbufu, na Q, kipimo cha kuonyesha vorteksi kwenye programu ya kuchora ya ParaView, hutolewa papo hapo. (Matoleo mapya ya Foundation yameacha pimpleFoam, programu ya kuendesha hesabu hii, na kuleta foamRun, kwa hiyo maelekezo ya zamani hayaendi moja kwa moja.)

Tahadhari moja kuhusu symmetryPlane, mpaka wa kioo unaowekwa katikati ya jozi kwenye nusu kisanduku: inapunguza gharama kwa nusu na haimdhuru Crow, kwa sababu vorteksi zake hupinda kama taswira kwenye kioo. Lakini myumbo wa duaradufu, wenye mawimbi mafupi kuliko b, huvunja ulinganifu huo. Jaribio la Leweke na Williamson la 1998 lilionyesha hivyo. Ukiweka kioo, umeuua kabla haujazaliwa, na hutapata onyo lolote.

Hata ukikiondoa, mawimbi hayo yanadai seli ndogo pande zote tatu, na usahihi wa daraja la pili unakuwa mzigo: seli zinaongezeka mara nyingi kuliko faida. Kwa kazi hiyo Nek5000 au Nektar++, zenye usahihi wa daraja la juu, zinastahili muda wa kuzijifunza. OpenFOAM ibaki kwa wimbi refu.