Kusawazisha rejeta katika jengo letu la Copenhagen: tathmini baada ya majira mawili ya baridi

Jengo letu la ghorofa tano hapa Nørrebro, mtaa wa Copenhagen, halina boila yake, yaani mtambo wake wa kupashia maji. Kama ilivyo kwa karibu nyumba zote za Copenhagen, joto hutufikia kwa mabomba ya maji moto yaliyozikwa chini ya barabara, sehemu yake ikitoka katika mtambo wa kuchoma taka wa Amager Bakke. Wenyeji huuita mfumo huu fjernvarme, yaani joto la mbali. Joto lenyewe halikuwa haba. Lilikuwa haligawanyiki sawa. Waliokaa chini, karibu na chumba cha mitambo, walifungua madirisha katikati ya Januari, na sisi wa ghorofa ya juu tulijifunika mablanketi sebuleni.

Baadhi ya wakazi walitaka tununue rejeta mpya, yaani vyuma vya ukutani ambamo maji moto hupita na kupasha chumba. Chama chetu kiliamua badala yake kuajiri kampuni ndogo ya mafundi bomba isawazishe mfumo mzima, yaani igawe maji moto ili kila chumba kipate kiasi chake, na naamini uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Kazi niliyoiona chumbani mwangu ilikuwa ya makini. Fundi alifungua kichwa cha themostati, kifaa kinachopima joto la chumba na kufungua au kufunga koki ya rejeta, akanionyesha pini ndogo iliyokwama kwa kutu, akaibonya taratibu mpaka ikaanza kupanda na kushuka, lakini hakuridhika nayo, akafunga koki mpya yenye pete ya ndani ambayo huzungushwa kwa ufunguo maalumu ili rejeta ipate maji kulingana na ukubwa wa chumba na si zaidi. Alinieleza pia jambo ambalo wengi wetu hatulijui: namba 3 kwenye themostati ni takriban nyuzi 20, na kuweka 5 hakuharakishi joto hata kidogo, bali huichelewesha koki kufunga.

Faida kubwa ilionekana kwenye bomba la kurudi. Maji yanayopita rejetani kwa kasi hurudi mtamboni yakiwa bado moto, joto likapotea njiani bure, na ndiyo maana shirika la joto la mji hulitoza zaidi jengo linalorudisha maji ya moto. Kabla ya kazi hii bomba hilo halikushikika kwa mkono; sasa naweza kuliegemeza kiganja bila shida. Ghorofa ya juu ina joto la kutosha, madirisha ya chini yamefungwa, na malipo ya jengo yamepungua.

Nina malalamiko mawili, na la kwanza ni zito. Kampuni ilishusha mno joto la maji moto ya kuogea na ya jikoni ili kuonyesha akiba, hata maji ya jikoni kwangu yakawa hayafiki nyuzi 50. Bakteria wa lejionela, wanaosababisha homa ya mapafu, hustawi katika maji ya uvuguvugu, na jengo letu lina wazee na watoto wachanga. Tulipolalamika walirudi wakarekebisha siku ya pili, lakini kosa hilo halikupaswa kufanywa na mtu anayeifahamu kazi yake.

La pili ni maelezo. Karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa Kideni pekee. Jirani yangu, mama mmoja kutoka Bukavu, alikuwa na pazia zito lililoifunika rejeta pamoja na themostati, kwa hiyo themostati ilipokea joto lililonaswa nyuma ya pazia na kufunga koki mapema huku chumba kikiwa baridi. "Mama, tulipandishe pazia hili liishie dirishani," nilimwambia, na jioni ile ile chumba chake kilipata joto. Dakika mbili za fundi zingemwondolea mwezi mzima wa baridi.

Ningewaajiri tena, kwa sharti kwamba joto la maji ya kuogea liandikwe kwenye mkataba, na kila mlango ubishwe hodi kabla koki ya kwanza haijafunguliwa.