Kikokotoo cha Casio fx-991EX: nilichokiona baada ya mwaka wa kwanza wa uhandisi

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyokata nitaieleza.

Wadogo zangu mnaoingia uhandisi, najua mnaulizana habari za laptop. Laptop inaweza kusubiri, hata ya kuazima itakuvusha. Kikokotoo hakisubiri, maana ndicho kitakachoingia nawe kwenye chumba cha mtihani, na vyuo vingi vinakataa vile vya kuprogramu na vya kuchora grafu. fx-991EX hakiprogramiki wala hakichori grafu, kwa hiyo kwa kawaida kinapita. Hata NCEES, wanaosimamia mitihani ya leseni ya wahandisi kule Marekani, wanaruhusu familia nzima ya fx-991. Lakini usinisikilize mimi peke yangu: uliza idara yako kabla ya kutoa hela.

Kinachomshtua mtu mwaka wa kwanza si ugumu wa hesabu. Ni wingi wake. Wiki hiyohiyo una kalkulasi, statiksi (hesabu za nguvu kwenye vitu vilivyotulia), saketi, michoro, na ripoti ya maabara ya kukabidhi Ijumaa. Tena sekondari majibu yalikuwa yanatoka masafi, 4 au 12. Huku unapata 86.6025 na hujui ufurahi au ufute. Hapo ndipo kifaa hiki kinapolipa. Ukishachora mchoro wa nguvu na kuandika milinganyo yako mitatu, kazi ya uhandisi imekwisha. Kilichobaki ni usumbufu tu. Bonyeza MENU, nenda A, chagua milinganyo ya pamoja, ingiza namba, x, y na z hizo hapo. Kinafika hadi milinganyo minne yenye vitu vinne visivyojulikana, na matriki (majedwali ya namba) za 4 kwa 4.

Mimi niko umeme, kwa hiyo ninachokipenda zaidi ni modi ya namba changamano, zile zenye sehemu ya i. Rezista ya omu 3 na koili yenye riaktansi (ukinzani wake kwa mkondo geu) ya omu 4 unaandika 3+4i (herufi i iko kwenye kitufe cha ENG), unafungua OPTN, unachagua r∠θ, na kinakurudishia 5∠53.13, yaani ukubwa 5 na pembe ya digrii 53.13. Kwa mkono unafanya Pythagoras, halafu tan kinyume, halafu unajiuliza pembe iko robo ipi. Ukiwa na matawi matatu ya saketi utazeeka hapo.

Hicho kitufe cha ENG nacho wengi wanakipita tu. Katika modi ya kawaida, ukipata 0.00047 kisha ukakibonyeza, unaona 470×10⁻⁶, yaani mikrofaradi 470, vilevile inavyoandikwa kwenye kapasita yenyewe. Ukikizoea, ripoti za maabara zinaandikika haraka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya maelekezo. Kwenye diskasheni yetu tulikuwa na swali la kawaida kabisa la statiksi: mzigo wa nyutoni 100 umening'inizwa kwa kamba mbili, moja ina pembe ya digrii 30 na ulalo, nyingine digrii 60. Jibu ni 50 na 86.6. Jamaa mmoja, tena anayejua kuliko sisi wote, akapata −106.5 na 17.25. Milinganyo yake ilikuwa sahihi, mchoro safi. Tulihangaika na karatasi yake mpaka mtu akatazama juu ya skrini: kuna herufi ndogo R. Kikokotoo kilikuwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe, si digrii), kimebaki huko tangu kipindi cha kalkulasi. Kwenye radiani sin 30 ni −0.988, na kifaa kinakupa hiyo bila aibu yoyote.

Lakini iangalie ile alama ya kutoa. Kamba yenye nguvu hasi ni kamba inayosukuma. Nani amewahi kusukuma kitu kwa kamba? Jibu lenyewe lilikuwa linapiga kelele, na sote tulikuwa tunatafuta kosa kwenye aljebra. Kikokotoo hakijui kamba ni nini, na hakuna toleo litakalokuja kujua. Kabla ya mtihani wa statiksi nenda SHIFT, MENU, 2, hakikisha herufi ni D, yaani digrii. Ukipata jibu, liulize kwanza kama linawezekana.

Mtego wa pili ni wa kugawanya. Kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye hezi 50 ina riaktansi ya omu 6.77. Fomula ni moja gawanya kwa 2πfC (f ni hezi, C ni faradi), kila mtu anaijua. Ila ukiandika mstari mmoja, 1÷2×π×50×470×10⁻⁶, unapata 0.0369, kwa sababu umegawa kwa 2 tu na vingine vyote umevizidisha. Ukiandika 1÷2π bila alama ya kuzidisha katikati, fx-991EX kinaichukua 2π kama kitu kimoja, kisha ×50 na kuendelea bado vinabaki juu, na unapata namba nyingine isiyo sahihi. Dawa ni kitufe cha sehemu: moja juu, vyote vinne chini, kama unavyoandika kwenye daftari. Skrini yake ya nukta 192 kwa 63 inaonyesha kila kitu kama kilivyo kitabuni. Kwa hilo tu nilikuwa tayari kukipa nyota tano.

Sababu ya kukata nyota moja ni hii. Integrali kinakupa namba tu, tena lazima uwe na mipaka yake. Ukiulizwa integrali isiyo na mipaka, hakina msaada. Tofautisho nalo ni namba ya nukta moja tu, si fomula. Kwenye kalkulasi alama ziko kwenye hatua, si kwenye jibu, kwa hiyo huko kinafaa kuhakiki tu baada ya kumaliza kwa mkono. Na hesabu ulizokwishafanya zinafutika ukibadili modi au ukibonyeza ON. Matokeo ya maana yaweke kwenye kumbukumbu ya A, B au C kwa kitufe cha STO, au yaandike pembeni.

Kuhusu kununua: Casio wameshatoa fx-991CW baada ya hiki, na mpangilio wa vitufe umebadilika sana. Kama wenzako wengi wana EX, kuwa na EX kuna faida, maana mtu anaweza kukuelekeza bila hata kuangalia. Kama mfuko hauruhusu, fx-991ES PLUS cha zamani kinatosha mwaka wa kwanza. Utakosa milinganyo minne na matriki za 4 kwa 4, ambazo mwaka huo hazitokei mara nyingi. Feki ni nyingi, kwa hiyo kijaribu palepale dukani: ingiza milinganyo mitatu unayoijua majibu yake. Betri ni LR44 moja, na kuna paneli ndogo ya jua ya kusaidia.

Na andika jina lako kwa wino usiofutika, nyuma na ndani ya kifuniko. Vyote vinafanana, na siku ya mtihani watu wanatoka kwa haraka.