Maktaba ya chuo chetu Tabora: kila kitu bure, lakini niliitwa mwizi wa karatasi

Nilisema "Shikamoo mama," na hakuitikia. Naanzia hapo kwa sababu mambo yalianza kuharibika hapo. Angeitikia tu, labda nisingekuwa naandika haya usiku huu, bweni zima limelala.

Ilikuwa kipindi kile cha joto kabla ya mvua, vumbi la Tabora limeshika hadi kope, maembe bado mabichi mtini. Natoka maktaba, kama saa tisa alasiri. Begi langu mgongoni lina madaftari, chupa yangu ya maji, matobolwa kidogo kwenye kikopo, na bunda la karatasi nilizookota kwenye boksi la taka lililo chini ya printa. Mama wa kaunta akaninyooshea kidole: "Wewe binti, hebu fungua hilo begi." Nikafungua. Kukaguliwa begi ni utaratibu wa maktaba nyingi, sina ugomvi nao. Akaingiza mkono, akatoa zile karatasi, akazibwaga mezani.

"Karatasi za ofisi hizi. Umezitoa wapi?"

"Kwenye boksi la taka, mama. Zimechapwa upande mmoja, zilikuwa zinaenda kuchomwa."

"Nani kakupa ruhusa? Ndiyo maana rimu zinaisha humu. Wezi wenyewe ndio nyie."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu kama kumi na kitu. Mmoja akacheka. Rafiki yangu, ambaye yeye analala kitanda cha chini mimi cha juu, akageuka akawa anatazama rafu ya kamusi kana kwamba hajawahi kuiona. Wala hakukuishia hapo. Akaona chupa. "Na maji humu marufuku, hujui kusoma?" Nikamwambia mama, mimi natoka, siingii. Akasema nikayamwage nje kisha nirudi kuchukua begi. Maji ya mtu anayetoka yanamdhuru nani? Nikaenda nikayamwaga vumbini. Maji yenyewe ni ya Ziwa Victoria, yaliyosukumwa kwenye mabomba kupitia Nzega mpaka yakatufikia huku. Waliosoma chuoni hapa miaka ya nyuma wanasimulia walivyokuwa wakipanga ndoo usiku. Mimi nimeyamwaga chini kwa amri, watu wakitazama.

Niliporudi begi lipo, karatasi hazipo.

Ngoja nieleze karatasi zile zilikuwa za nini, maana najua wapo watakaosema huyu binti analilia makaratasi. Mimi nasomea ualimu wa msingi. Kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, nilipangiwa shule moja huko Sikonge, Darasa la Kwanza, watoto zaidi ya themanini chumba kimoja. Unawafundisha kusoma kwa kitu gani? Chaki tu ubaoni haitoshi, mtoto wa nyuma haoni. Nikajifunza kutengeneza kadi za silabi. Karatasi moja naikata mara nne, naandika upande mweupe, nabandika kwenye kipande cha boksi la sabuni kwa gundi ya uji wa unga wa muhogo. Karatasi thelathini zinatoa kadi mia na ishirini. Unampa mtoto mmoja "ma", mwingine "ji", unawaambia wasimame pamoja, darasa zima linapiga kelele: "Maji!" Yupo mtoto mmoja alikuwa hajawahi kufungua mdomo tangu nifike. Siku aliposhika kadi yake aliisoma, na hakutaka kuirudisha. Alienda nayo nyumbani.

Zilizobaki nazishona katikati kwa sindano ya gunia, zinakuwa daftari la rasimu. Muhula mzima sijanunua daftari la kufanyia mazoezi. Na sijazificha hata siku moja, nilikuwa naziokota mchana kweupe.

Ijumaa ya wiki ile ile nikapita nyuma ya bwalo, kwenye shimo la taka. Moshi. Nikasogea, nikaona karatasi za maktaba zinajikunja motoni, za upande mmoja, nyeupe nzuri kabisa. Siwezi kuapa kwamba ni zile zangu. Lakini ndivyo zinavyoishia kila Ijumaa. Kwa hiyo mimi kuzichukua ni wizi, na kuzichoma ni usafi? Nililia pale shimoni, sioni aibu kulisema.

Kama siku ile ungeniomba niipe maktaba yetu alama kati ya kumi, ningekupa sifuri. Na kuanzia hapo kila kitu cha maktaba ile kikaanza kunikera. Feni inayolia. Soketi zilizokufa, zinazobaki nzima wanazigombania kama kisima. Kufunga saa kumi jioni wakati mtu ndiyo kwanza anatoka kipindini. Kompyuta zinazoachwa zinawaka usiku kucha hakuna mtu, nimeziona kupitia dirishani nikitoka kujisomea, mwanga wa bluu unamulika viti vitupu. Nikahamia maktaba ya mkoa kwa wiki kadhaa. Huko niliitikiwa salamu na nikasoma vizuri, lakini ni mbali na bweni, na nauli ya bodaboda kila siku mwanachuo ataitoa wapi.

Kwa hiyo nilirudi. Na hapa lazima niwe mkweli, hata kama moyo hautaki.

Maktaba ile imenisomesha. Sitii chumvi. Nilipoingia mwaka wa kwanza sikuwa na simu ya maana wala hela ya bando. Kwenye kompyuta zile za maktaba ndiko nilikofungua kwa mara ya kwanza Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na nikagundua kwamba vitabu vya kiada ambavyo wenzangu walikuwa wanavitoa kopi kwa hela vipo pale vinasomwa bure. Nilikaa siku nzima. Nilisoma vya Darasa la Kwanza na la Pili, nikanakili mpangilio wa sauti na silabi kwa mkono. Zile kadi zangu zilizaliwa hapo hapo. Mitihani ya miaka iliyopita ipo kwenye majalada, unaomba, unakaa unaifanya, unarudisha. Wanachuo wengi wanahangaika na madesa ya mitaani yaliyochapwa hadi herufi hazisomeki, kumbe ya uhakika yamelala rafuni yanapigwa vumbi. Ripoti za BTP za waliotutangulia zipo pia. Intaneti ya bure ipo, na siku hizi nikiwa pale nashusha ninachokitaka kwenye simu, nakuja kukisomea bweni bila kugusa bando.

Binamu yangu anasoma uuguzi, chuo kingine. Yeye ananiambia kwao maktaba imejiunga na HINARI, mpango ulioanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, ambao unawawezesha watu wa vyuo na hospitali za nchi kama yetu kusoma majarida ya tiba ambayo kwingine yanauzwa ghali sana. Nilimuuliza wangapi darasani kwao wanaitumia. Akafikiri, akasema labda watano. Hilo nalo linanitia hasira, ila si hasira ya leo.

Halafu kuna kitabu chenyewe. Kitabu kimoja cha saikolojia ya elimu kilichopo pale, kile chenye jalada lililoshonwa upya, nimekuta ndani tarehe za kuazimwa kurasa mbili zimejaa. Kimeshikwa na mikono mingapi? Nikisikia watu wanaongelea utunzaji wa mazingira kana kwamba ni jambo la semina na fulana, nakifikiria kitabu kile. Mti mmoja, wasomaji mia.

Mimi jambo hili linaniuma kwa sababu ya nyumbani. Ni mtoto wa Kaliua, kwetu tunalima tumbaku. Nimekua nikisomba kuni za bani, kile chumba cha kukaushia tumbaku kwa moto. Asiyewahi kulala karibu na bani hajui: ukishaingiza majani ya tumbaku, moto unawaka mchana na usiku karibu wiki nzima, haukubaliwi kuzimika. Magogo yanaingia kama ugali kwa watoto wenye njaa. Baba alikuwa na mizinga ya nyuki kwenye miti ya mitundu nyuma ya shamba. Mitundu ikakatwa, mmoja mmoja, mingine alikata mwenyewe, na nyuki wakahama. Asali tuliyokuwa tukila utotoni sasa tunainunua. Namshukuru baba, tumbaku ndiyo imenilipia ada, siwezi kuitukana. Lakini kila nikishika karatasi nyeupe upande mmoja naona gogo linaloingia bani bure.

Ndiyo maana nikaenda kwa mkutubi mkuu. Ilinichukua siku nyingi kupata ujasiri. Ni mzee mpole, akaniambia "Karibu mwanangu, kaa." Nikamweleza yote bila kumtaja yule mama, nikasema tu "kaunta". Alisikiliza. Akaniambia kwamba rimu kweli ziliwahi kupotea, tena si moja, na waliokuwa zamu walibanwa sana. Halafu akanipeleka kwenye printa yenyewe, akanionyesha sehemu ya kuchagua kuchapa pande mbili, kitu ambacho printa ile ilikuwa nacho siku zote na hakuna aliyetuambia. Akatafuta kalamu ya wino mnene, akaandika juu ya boksi: TUMIA UPANDE WA PILI. CHUKUA. Nilitamani kumkumbatia mzee wa watu.

Nikatoka pale maktaba nimeipa nane.

Furaha haikumaliza wiki. Nilichapa azimio la kazi pande mbili, nikalipeleka, mkufunzi akanirudishia bila kulisoma. "Kazi inachapwa upande mmoja, ndivyo ilivyo." Nikamuuliza kwa heshima kwa nini. Akasema upande wa pili wino unaonekana. Hauonekani! Nimeangalia juani, hauonekani. Ripoti ya BTP ina kurasa thelathini na sita. Darasani kwetu tuko mia na ishirini. Piga hesabu: tukichapa pande mbili tunaokoa karatasi 2,160, zaidi ya rimu nne, kwa darasa moja, kazi moja. Na stesheneri karatasi tupu hawatupi bure. Hili si kosa la maktaba, najua. Lakini maktaba inafundisha nini, kama nje ya mlango wake kila mtu anafanya kinyume?

Nyie mnaoingia chuo mwaka huu, msiisuse ile maktaba kwa maneno yangu. Ingieni siku ya kwanza kabisa, kabla hamjanunua desa hata moja. Ombeni mwonyeshwe Maktaba Mtandao na majalada ya mitihani, msisubiri kuambiwa, hamtaambiwa. Mkimaliza kutumia kompyuta izimeni. Bebeni chupa zenu, jazeni kwenye tangi la maji ya kuchemsha pale bwalo. Mfereji wa nyuma ya bweni letu mvua ikinyesha unafurika kwa sababu ya chupa za plastiki tu. Tangu Juni mwaka 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tulizoea vikapu, na hakuna aliyekufa. Chupa nazo tutazoea. Ila mlangoni ziacheni kwa nje, msije mkamwagishwa.

Nimejaribu kumwelewa yule mama. Zamu yake anaikaa peke yake, watu wanamsumbua, aliwahi kubanwa kwa rimu alizoiba mtu mwingine. Sawa. Mtu akiumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba nimemsamehe, nikafuta. Rimu zilizopotea zinaeleza kwa nini alikagua begi. Hazielezi kwa nini hakuniita pembeni. Hazielezi yale maji. Na salamu? Mimi nimelelewa kwamba hata mtu uliyegombana naye jana, akikuamkia unaitikia. Kwetu unaweza kumnyima mtu chakula, lakini marahaba humnyimi.

Nane naifuta. Naweka tano, na tatu kati ya hizo ni za yule mzee.

Karatasi sasa nachukua kihalali, boksi lina maandishi. Wengine nao wameanza kuchukua. Juzi nilikuta boksi tupu, nikafurahi kuliko ningelikuta limejaa. Yule rafiki yangu ameniomba nimfundishe kushona, na nimemfundisha, ingawa lile la kugeukia kamusi hatujalizungumza.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka, zamu ni ya mama yule yule. Nikasimama mbele ya kaunta, nikafungua begi kabla hajasema, nikamwamkia: "Shikamoo mama." Akatazama begi. Akanitazama usoni, kama anajaribu kukumbuka aliniona wapi.

"Pita," akasema.

Nikasimama kidogo, nikidhani ataongeza neno. Foleni ikaanza kunisukuma. Nikafunga begi, nikatoka na karatasi zangu ishirini na mbili.