Kiingereza cha bure mtandaoni: kilichowafaa vijana wangu wa hoteli Malindi

Mimi hufundisha Kiingereza jioni barazani kwetu, Shella, Malindi. Wanafunzi wangu ni wahudumu wa hoteli, madereva wa tuktuk, na kijana mmoja anayetembeza wageni kwenye magofu ya Gede. Kiitaliano wengi wao wanakimwaga kama maji, maana wamekulia ufukweni. Kiingereza walikisoma shule, wakakifanyia mtihani, wakakiacha hukohuko. Sasa mgeni anatoka Uingereza au Uholanzi, anauliza kama mchuzi una karanga kwa sababu zinamdhuru, na mhudumu anabaki kutabasamu. Basi mtandao ninaupima kwa jambo moja tu: je, utamfungua huyu mhudumu kinywa?

Namba moja kwangu ni BBC Learning English. Hawa wamekuwa wakifundisha Kiingereza tangu redio ya 1943, na uzoefu huo unasikika. Ninachokitumia zaidi ni kipindi cha 6 Minute English. Watangazaji wawili wanazungumzia mada moja, mwanzoni wanatega swali ambalo jibu lake linakuja mwishoni, na katikati wanafafanua maneno sita. Sauti unaipakua bure, na mazungumzo yote yameandikwa kwenye PDF. Hayo maandishi ndiyo yaliyonikamata. Sauti nawatumia vijana kwa WhatsApp wakiwa kwenye waifai ya kazini, wasile bando zao. Maandishi nayachapisha saiba, wawili wawili karatasi moja.

Mara ya kwanza twasikiliza bila karatasi. Hapo ndipo malalamiko huanza: "Mwalimu, hawa mbona wasema kama wafukuzwa?" Nawaacha walalamike. Mara ya pili karatasi ziko mkononi, na mara ya tatu nasimamisha kila sentensi, wao wanairudia kwa mdundo uleule, hata kuvuta pumzi wavute palepale. Majirani wanacheka, lakini ulimi unalainika. Ila chagua mada mwenyewe. Mazungumzo ya chakula, usingizi na safari yanapita vizuri. Yale ya siasa za London au vipindi vya televisheni vya kwao yaruke, utawachosha watu bure.

Aliyeachwa nyuma na mwendo huo nampa VOA Learning English ya Wamarekani. Ilianza 1959 kwa jina la Special English: sentensi fupi, msomaji anayekwenda polepole, na msingi wa maneno kama 1,500 hivi. Yule kijana wa Gede imemfaa kuliko wote, kwa kuwa ndivyo anavyotakiwa kuwaeleza wageni kisima, msikiti na jumba la mfalme: taratibu, neno kwa neno. VOA ilisimamishwa Machi 2025, kwa hiyo nategemea vipindi nilivyovihifadhi kwenye memori kadi. Habari zake zimepitwa, lakini kwa mazoezi ya sikio hazijaoza.

Matamshi ni mlango mwingine. Sisi watu wa pwani tuna bahati: anayesema thelathini na dhahabu tangu utotoni hasumbuliwi na ule ulimi wa kati ya meno. Kinachotuangusha ni irabu. Sisi tunazo tano, Waingereza wana rundo. Live na leave kwa vijana wangu zilikuwa kitu kimoja, na mtu anayeulizwa anaishi wapi akajibu anaondoka lini. Kwa hili nenda kamusi ya Cambridge mtandaoni. Kila neno lina alama ya spika, moja ya Uingereza, moja ya Marekani. Naweka simu katikati ya mkeka, nabonyeza neno moja kati ya hayo mawili, wao wanainua mkono wa kulia au wa kushoto. Mwanzoni mikono ilikuwa inapishana kama soko la samaki. Sasa wanakosea mmoja mmoja, na wanazomeana.

Kuna programu moja ya kulipia, yenye pointi na nyota, sitaitaja. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na nyota za kumwaga, na ndiye yuleyule aliyetabasamu mbele ya karanga. Kugusa picha ya tufaha hakukumfundisha kumjibu mtu. Akili mkichwa.

Wazazi wenye watoto wadogo, tafuteni African Storybook. Hadithi ni za kwetu, na nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa hiyo mama anaweza kusoma moja na mtoto akasoma nyingine. Bure pia.

Upungufu ni kwenye kuandika. Hakuna kati ya hivyo nilivyovisifu kinachomfundisha mtu wa mapokezi kumjibu mgeni kwa barua pepe. Kwa hilo natumia LearnEnglish ya British Council, sehemu ya kuandika, ambako masomo yamepangwa kwa madaraja, A1 ikiwa ya chini kabisa. Wangu nawaanzisha A2 hata wenye cheti cha kidato cha nne, na wanaokasirika nawapa A1.