Hilux yangu na breki za nyuma: nilitaka diski, kumbe tatizo nililifunga mwenyewe

Nina Hilux Vigo ya dizeli, ya mwaka 2006. Kazi yake ni kushusha viazi, kabichi na karoti kutoka Lushoto hadi Mombo. Anayeijua barabara ile hahitaji maelezo: kilomita 33 hivi tu, lakini unateremka karibu mita 1,000, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde.

Mwaka juzi niliongeza springi mbili mbili nyuma, maana magunia kumi ya lumbesa yalikuwa yanaikalisha gari mpaka taa zinamulika vilele vya miti. (Najua, lumbesa kumi ni zaidi ya tani. Tusianze hayo.) Gari ikasimama vizuri, nikafurahi. Wiki chache baadaye, chini kidogo ya Soni, nikakanyaga breki, pedali ikazama kama nimekanyaga sifongo. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikapiga gia ya pili, nikamalizia mteremko kwa injini. Utingo wangu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, hakusema neno mpaka Mombo.

Gereji ya kwanza waliniuzia viatu vipya vya breki. Ndani ya mwezi leningi, yaani yale mabamba ya kusugua yaliyobandikwa juu ya viatu, zikaanza kubanduka. Hapo nikaapa kung'oa dramu zote, yale mabakuli ya chuma ambayo viatu husugua ndani yake, na kufunga diski nyuma kama mbele. Bei niliyotajiwa, pamoja na kuchomelea vishikio, ilinifanya niombe siku mbili za kufikiri.

Katika siku hizo mbili nikampelekea fundi mwingine, mzee mmoja wa Korogwe. Hata tairi hakufungua. Alijilaza chini ya gari, akashika fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi, akacheka. "Mwanangu, gari yako inadhani haina mzigo."

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Valvu ile hugawa nguvu ya breki kwa kufuata mzigo. Nyuma ikididimia, fimbo inaisukuma ifunguke, magurudumu ya nyuma yanapata presha zaidi. Gari ikiwa tupu inabana, ili nyuma isijifunge ikateleza. Mimi na springi zangu nilikuwa nimeinua nyuma, basi hata nikipakia tani, valvu inaona gari tupu. Kazi yote ikabebwa na diski za mbele, zikachemka. Hata hizo diski za nyuma nilizozililia zingelishwa na valvu hiyo hiyo.

Alichofanya: alitengeneza kipande cha chuma cha kuinua mguu wa fimbo pale kwenye ekseli, kwa kadiri ile ile springi zilivyoinua gari. Dramu moja akaichonga, nyingine ilishapita kipimo cha mwisho kilichoandikwa juu yake, tukanunua nyingine. Silinda ndogo za magurudumu zilikuwa zinavujisha, akabadili zote mbili, na viatu akaniagiza nivifuate dukani anakokuamini yeye. Mwisho akamwaga mafuta yote ya breki, akaweka ya daraja la Dot 4, lililo juu ya Dot 3, akatoa upepo. Mafuta haya hunyonya unyevu: Dot 3 mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Dot 4 ni 230 na 155. Yangu sikuwahi kuyabadili tangu ninunue gari, na yakichemka yanatoa mvuke, ndiyo ile sifongo ya Soni.

Gharama yote, vifaa na ufundi, ilinitoka Sh 430,000. Sasa huu ni mwezi wa nane. Nikiwa na mzigo, pedali iko juu na gari inakaa chini yote kwa pamoja badala ya kuinamisha pua. Harufu sijaisikia tena, ingawa gia ya pili bado naitumia.

Kasoro ipo. Mwanzoni, gari ikiwa tupu na lami imelowa, nyuma ilikuwa inajifunga mapema. Niliteleza mara moja karibu na Mombo, nikarudi kwa mzee akashusha kile chuma kidogo, ikatulia. Anayetaka kujaribu, ajaribu kwanza akiwa tupu, mahali pa wazi.

Handbreki sikuigusa, waya wake umechoka. Kwa hiyo tukisimama mlimani, utingo bado anaruka na jiwe lake.