Kutembezwa kaskazini ya Pemba kutwa moja, na mama mwenye magoti mabovu

Mama yangu kazaliwa Kengeja, akaolewa Unguja, na mpaka utu uzima huu alikuwa hajatia mguu Ngezi, ule msitu wa kaskazini. Wapemba wengi wa kusini wako hivyo hivyo, Konde wanaijua kwa jina tu. Basi likizo ya skuli tulipokwenda kwa dada yake Chake Chake, nikakodi gari na dereva atuzungushe kaskazini kutwa, safari ile ile wanayouziwa wageni. Nilipitia kwa wakala mmoja wa mjini ambaye jina lake naliacha. Haya nawaandikia wenye wazee wanaotaka kutoka, maana vijana watajipandia bodaboda wenyewe.

Bei kwanza. Wakala alianza kutuhesabu vichwa. Mama akamwambia, "Mwanangu, gari inakula mafuta, haili vichwa." Tukapatana kwa gari nzima, mafuta juu yake, viingilio juu yetu. Shikilia hapo hapo. Na usisahau kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha mwenyeji ni kidogo sana mbele ya cha mgeni.

Ratiba aliyotuandikia ilitaka tuanze Ngezi, tumalizie kiwanda cha makonyo jioni. Dereva, kijana mpole ambaye dakika ya kwanza tu kishamwamkia mama na kumwekea mto wa mgongo, alisema jioni kiwandani tutakuta watu wanaondoka. Akaigeuza safari yote. Kama siku ile ilikuwa nzuri, sifa ni zake, si za aliyepokea pesa.

Kiwanda kipo Wawi, ni cha lile shirika la serikali linalonunua karafuu, ZSTC. Harufu inakupokea kabla ya geti. Makonyo, kwa asiyejua, ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Hapa vinashindiliwa ndani ya matangi makubwa, mvuke unapitishwa kutoka chini, unapanda na mafuta, kisha unapozwa kwenye mabomba mpaka unarudi kuwa maji, na mafuta yanajitenga. Mama alidhani yataelea kama ya nazi. Kumbe mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, yanazama. Alitaka aoneshwe tena, na yule kijana wa kiwandani akamwonesha bila ya kukunja uso. Ndani yake mna yujenoli, dawa ile ile ya madaktari wa meno. Wanakamua pia mchaichai na mkaratusi.

Baada ya hapo mwenye kutembeza akawa mama. Akawaeleza wale vijana jinsi walivyokuwa wakichambua usiku kwa kandili, watoto wakisinzia juu ya jamvi, na asubuhi kuanika huku jicho liko mawinguni. Mimi nasomesha jiografia. Kimbunga cha 1872, kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya Pemba, huwa nakipitia kwa sentensi mbili kisha nasonga mbele. Mwaka huu nitawaletea wanafunzi chupa ya mafuta wanuse. Kasoro ya Wawi ni joto, na hakuna pa kukaa. Omba kiti mapema, watakupa.

Kidike, kwenye makaazi ya popo, tulikaa kidogo. Popo wa Pemba hapatikani kokote duniani ila kisiwani humu, na akikunjua mbawa anaweza kupindukia mita moja na nusu. Mchana wananing'inia mitini, wanagombana, wanajipepea. Kuwaona hakuna taabu. Waliwindwa kwa nyama mpaka wakakaribia kwisha, kisha watu wa vijiji wakaanza kuwalinda na wakaongezeka. Nilimuuliza mama kama kwao waliliwa. "Majirani," akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tukasali adhuhuri Konde. Wakala alituahidi chakula cha mchana kwenye hoteli moja ya ufukweni, na dereva akatushauri kwa adabu tununue chochote sokoni kwanza. Tukachukua pweza wa nazi na muhogo. Hotelini, kweli, jikoni hawana habari yetu, na samaki angechukua saa mbili. Pesa ya chakula nilirejeshewa baada ya simu nyingi. Pweza tulimla ufukweni Vumawimbi, mchanga mweupe mpaka jicho linachoka, na watu wachache hata huwezi kuamini uko Zanzibar. Hakuna kivuli cha maana wala choo karibu. Mzee apitishwe Konde kabla. Mama alipandisha buibui akaingia maji ya magoti, akasema ndiyo dawa.

Ras Kigomasha pana mnara wa taa wa chuma, Waingereza waliujenga 1900. Ngazi zake ni nyembamba na ndani mna joto la tanuri. Nilipanda mimi, mama akabaki kivulini akipiga soga na wenyeji. Juu unaiona Vumawimbi upande mmoja, na upande wa pili mkondo wa Pemba, bluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, kwa kina chake. Panastahili, kwa mwenye magoti.

Ngezi tukaifanya wakati wa kurudi, alasiri, jua limepoa na ndege wameanza kelele. Njia fupi ni tambarare, mama aliimudu kwa mkongojo. Mwongozaji alianza na hotuba ya kuhifadhi, ile ya wageni: mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni hapa Pemba; kima punju walioletwa kutoka Jozani; kihodi, bundi mdogo wa Pemba ambaye hutoka usiku tu. Mama akamkatiza kwa kumuuliza mti gani unatibu nini, na yule bwana akabadilika kabisa. Akaacha hotuba, wakaanza kubishana juu ya magome na mizizi, mimi na dereva tukawa nyuma tunacheka. Ukiwa Mswahili, muulize maswali ya kwenu. Anayo majibu mengi kuliko anayotakiwa kuyasema. Kwa kumsikia kihodi inabidi upange matembezi ya usiku mapema, sisi hatukupanga. Na mzee asiyeweza kutembea kabisa asiachwe nyumbani, kwani barabara yenyewe inapasua msitu, ataona mengi kupitia dirishani.

Wete tulisimama kununua halua, magharibi ikaingia.

Gari na dereva nawapa tano kwa tano. Wakala nampa mbili, moja ni ya kurejesha pesa. Mama anataka Pujini safari ijayo, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, na ameshasema chakula atapika mwenyewe.